Kuchagua Farasi Dume wa Mbegu: Walivyofanya Wakulima wa Otago

Mfugaji anayempeleka farasi jike wake kwa dume wa mtu mwingine hulipia kitu ambacho bado hawezi kukikagua. Mimba huchukua takribani miezi 11, na mtoto akishazaliwa hungojewa hadi afikishe miaka mitatu au minne ndipo afungwe plau kwa kazi kamili. Kwa hiyo kosa lililofanyika siku ya kupandisha huweza kujificha kwa miaka minne au mitano, na likija kuonekana shambani ada imeshalipwa zamani na pengine dume mwenyewe ameshauzwa wilaya nyingine. Ushauri huu unahusu hasa mambo ya kuangaliwa kabla ya kupandisha, na mifano yake imetolewa mahali ambapo biashara hiyo ilifanyika kwa wazi na kwa wingi: wilaya za kilimo za Otago, kusini mwa New Zealand, katika nusu ya pili ya karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Walowezi wa Kiskoti walioanzisha mji wa Dunedin mwaka 1848 walitoka katika nchi iliyokuwa na farasi wake wa kukokota, yaani Clydesdale wa bonde la mto Clyde katika Lanarkshire. Aina hiyo ilitokana na majike wa kienyeji waliopandishwa na madume walioletwa kutoka Flanders katika karne ya 18. Mkubwa aliyekomaa husimama kati ya sentimita 163 na 183 mabegani na huwa na uzito wa kilo 800 hadi 900, na madume wengine huzidi hapo. Tambarare ya Taieri, karibu na Dunedin, ilihitaji mnyama wa namna hiyo. Maksai walitangulia kuifungua ardhi, lakini kadiri mashamba ya shayiri na ngano yalivyopanuka, farasi alishika nafasi yao kwa sababu hutembea upesi zaidi, na kufikia mwaka 1911 New Zealand ilikuwa na farasi zaidi ya 400,000. (Katika nyanda za juu za Kenya walowezi waliendelea kulima kwa maksai, maana mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika havikumpa farasi mzito nafasi.)

Kila ilipokaribia Septemba, ambao huko ni mwanzo wa majira ya kuchipua, magazeti kama Otago Witness yalijaa matangazo ya madume waliotolewa kwa ajili ya kupandisha. Tangazo lilitaja jina la farasi, rangi yake, umri, kimo, baba yake, mababu upande wa mama kwa vizazi kadhaa, na zawadi alizozipata kwenye maonyesho. Kisha ilifuata ratiba: Jumatatu dume atalala hoteli fulani, Jumanne atapita kijiji fulani, na mwisho wa wiki atarudi nyumbani. Saisi alimwongoza kwa miguu, mkono mmoja ukishika hatamu, na wakulima walimngoja barabarani au walimkaribisha shambani. Mwisho kabisa yaliandikwa masharti, kwa herufi ndogo. Mkulima mwangalifu aliyasoma masharti hayo kwanza, na ukoo wa farasi baadaye.

Sisemi kwamba ukoo hauna maana. Dume aliyeandikishwa katika kitabu cha nasaba, yaani daftari la koo za aina yake, ana faida moja kubwa, nayo ni kwamba sifa zake zimejirudia kwa vizazi, hivyo kuna matumaini zaidi kwamba atazirithisha kuliko dume chotara ambaye uzuri wake umetokea kwa bahati. Hata hivyo kitabu cha nasaba kiliandikwa na watu. Chama cha wafugaji wa Clydesdale kiliundwa Uskoti mwaka 1877 na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1878, wakati farasi waliokwisha kuwa wazazi wa maelfu walikuwa wamezaliwa bila daftari lolote. Lawrence Drew, aliyemmiliki dume mashuhuri Prince of Wales, namba 673 katika kitabu hicho, aliamini kwamba Clydesdale na Shire, farasi mzito wa kukokota wa Uingereza, ni matawi ya aina moja, akawachanganya bila kuficha. Sehemu kubwa ya Clydesdale waliofuata hurudi kwa huyo Prince of Wales na kwa Darnley, namba 222. Linalomhusu mfugaji hapa ni hili: majina mawili makubwa yakionekana kila mahali katika ukoo wa dume na pia katika ukoo wa jike, wanaopandishwa ni ndugu, na udhaifu uliojificha pande zote mbili hupata nafasi ya kukutana kwa mtoto. Karatasi za ukoo za pande zote mbili ziwekwe pamoja mezani zilinganishwe, na jina linalojirudia katika vizazi vitatu vya karibu liulizwe kabla ya ada kutolewa.

Baada ya karatasi, mnyama mwenyewe aonekane, na aonekane kuanzia chini. Waamuzi wa Clydesdale huanza na kwato, wala hawakosei, kwa kuwa farasi wa plau mwenye mwili wa kupendeza na kwato mbovu ni hasara inayokula nyasi. Kwato iwe pana, ya mviringo, na iliyofunguka upande wa kisigino. Sehemu iliyo kati ya kwato na kifundo iwe ndefu kiasi na iliyolala, isisimame wima, kwa sababu ndiyo inayopunguza kishindo cha kila hatua. Kisha mfugaji ainame, apitishe vidole chini ya manyoya na kubonyeza kwa dole gumba ukingo wa juu wa kwato, upande wa nje na wa ndani, kuelekea kisigino. Hapo pana gegedu ambalo kwa farasi mzima hubonyea na kurudi. Likiwa gumu kama jiwe, gegedu limegeuka mfupa, kasoro inayowaandama farasi wazito na ambayo wafugaji wengi waliihesabu kuwa ya kurithi. Dume wa miaka mitatu aliye nayo asitumiwe, hata kama kifua chake kimejaa utepe wa zawadi.

Manyoya ya miguuni yanastahili neno la peke yake. Katika Clydesdale yanatakiwa yawe laini kama hariri, yaangukie nyuma ya mguu. Manyoya magumu yaliyojikunja mara nyingi huambatana na ngozi nene inayopata vidonda na kutoa majimaji, hasa pale farasi anapofanya kazi katika tope. Yafunuliwe, ngozi itazamwe, na inuswe pia, kwa kuwa harufu mbaya hutangulia kidonda kuonekana.

Saisi aombwe arudishe farasi nyuma hatua kadhaa. Farasi ambaye mguu wake wa nyuma huinuka ghafla na kutetemeka, mkia nao ukitikisika, ana ugonjwa wa misuli na mishipa ya fahamu ambao hauonekani akitembea mbele, na ndiyo sababu wauzaji hupenda kumtembeza mbele tu. Baadaye akimbizwe hadi apumue kwa nguvu, na mkaguzi asimame karibu asikilize: mlio wa kukwaruza wakati wa kuvuta pumzi ni dalili ya koo lenye kasoro. Huko Uingereza serikali ilikuja kuyachukua mambo haya mikononi mwake kwa sheria ya mwaka 1918, iliyomtaka kila dume anayezungushwa kwa ajili ya kupandisha awe na leseni, na leseni ilinyimwa dume mwenye magonjwa yaliyotajwa kuwa ya kurithi. Mahali pasipo sheria ya namna hiyo, mfugaji amlipe daktari wa mifugo. Gharama yake ni ndogo mbele ya miaka mitano ya kungoja.

Kama dume amepita wilayani misimu miwili au zaidi, watoto wake waangaliwe kuliko yeye mwenyewe. Wasitazamwe wawili waliopelekwa kwenye maonyesho. Watazamwe wale walioko kwenye mashamba ya kawaida, waliozaliwa na majike wa kawaida.

Kuhusu masharti, ada huko New Zealand mara nyingi ilikuwa pauni chache kwa kila jike, na juu yake saisi alikuwa na ujira wake uliolipwa siku ya kwanza ya kupandisha. Wenye dume wengine waliweka ada mbili: ya chini inayolipwa vyovyote itakavyokuwa, na ya juu inayolipwa tu jike akishika mimba. Kwa jike mzee au aliyekosa mimba msimu uliopita, ada ya juu ndiyo rahisi kwa kweli. Matangazo mengi yalisema pia kwamba jike akiuzwa au kubadilishwa atahesabiwa kuwa ameshika mimba na ada italipwa yote, na kwamba uangalifu utakuwepo lakini mwenye dume hatawajibika kwa ajali. Masharti hayo bado yako hai kwa sura nyingine popote watu wanapopandishia kwa dume wa jirani, awe farasi, punda au ng'ombe, na ni afadhali yakubaliwe kwa maandishi na shahidi mmoja kuliko kujadiliwa jike akiwa amekufa au mimba imeharibika.

Idadi ya majike nayo iulizwe. Dume mzima aliyekomaa huweza kuhudumia majike wengi katika msimu, lakini kijana wa miaka mitatu apewe wachache, na dume anayetembea kutwa barabarani kisha akapandishwa mara nyingi kwa siku hudhoofika, na majike wa mwisho wa msimu hurudi bila mimba.

Jike hurudi kwenye joto, yaani siku anapomkubali dume, kila baada ya siku 21 hivi na joto hudumu siku tano hadi saba, yai likitoka siku moja au mbili kabla halijaisha. Mzunguko wa wiki wa dume wa Otago ulilingana vizuri na hali hiyo, kwa sababu jike aliyekosa joto Jumanne hii angeweza kujaribiwa Jumanne ijayo. Jike aliyezaa huingia joto kati ya siku ya saba na ya kumi, lakini kama kondo lilichelewa kutoka au uchafu bado unatoka, asipandishwe katika joto hilo, asubiri linalofuata. Tarehe ya kupandishwa iandikwe siku hiyo hiyo pamoja na jina la dume, na kuanzia siku ya 18 jike ajaribiwe mbele ya dume, kizuizi imara cha mbao kikiwa kati yao, mara mbili au tatu katika wiki hiyo. Akimkataa kwa mateke, ajaribiwe tena baada ya siku 21 nyingine kabla ya saisi kuambiwa asipite tena kwa ajili yake.