SOMO: Jinsi ya kupata muda wa mazoezi ukiwa na kazi au masomo

Habari za wakati huu wadau.

Karibu kila wiki naulizwa swali lile lile, ofisini, kituoni nikisubiri daladala, hadi msibani: "Mwenzetu unashinda kazini, usiku unasomea mitihani ya bodi, hayo mazoezi unayafanya saa ngapi?" Nimechoka kulijibu vipande vipande. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mie nipo Tanga mjini, kwa hiyo mifano ni ya huku. Mlioko kwingine mtabadilisha majina ya mitaa.

Hatua ya 1. Mwenye presha, kisukari, tatizo la moyo au ujauzito aonane na daktari kwanza.

Hatua ya 2. Chukua karatasi, andika wiki yako ilivyo kweli, saa kwa saa, pamoja na muda unaokaa na simu.

Hatua ya 3. Jua kiasi unachotakiwa kufanya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu wa miaka 18 hadi 64 apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Wastani maana yake unatembea haraka kiasi kwamba kuongea unaweza, kuimba huwezi. Gawa 150 kwa siku tano, ni nusu saa. Na ile kanuni ya zamani kwamba kipindi lazima kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe ilishaondolewa, kwa hiyo dakika saba za kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka nazo zimo.

Hatua ya 4. Chagua saa moja ya kudumu, uifunge kwenye jambo ambalo tayari lina saa yake. Soma hapa taratibu, maana ndipo wengi wanapoanguka, na mie nilianguka hapa hapa. Nilipanga "jioni nikitoka kazini". Jioni ya Tanga si yako. Bosi anakumbuka barua wakati unafunga droo. Ukifika nyumbani kuna mgeni, kuna hitma ya jirani, kuna mtu mtoto wake anaumwa anaomba umsindikize hospitali ya Bombo. Hayo yote ni haki za watu, huwezi kuyakataa eti kwa sababu unakwenda kukimbia. Timu yetu ya Coastal Union wakicheza uwanja wa Mkwakwani ndiyo kabisa. Mazoezi ukiyaachia muda utakaobaki, ujue haubaki.

Alfajiri hakuna anayekudai. Kwa Muislamu kazi imeshafanywa nusu: ukitoka msikitini usirudi kitandani, unganisha hapo hapo, kanzu unaiacha nyumbani unatoka na raba. Asiye Muislamu ashike jambo lake: kumpeleka mtoto kwenye gari la shule, kufungua duka, kuwahi daladala ya kwanza. Liwe jambo la kila siku, ambalo usipolitimiza kuna mtu atakuuliza.

Na watu wa huku tuna bahati ambayo wengi hawaioni. Tuko karibu na ikweta, jua halihami sana. Mwezi wa 11 linachomoza karibu na saa 12 kamili, mwezi wa 7 karibu na saa 12 na nusu. Mtu wa Uingereza akipanga ratiba Juni, ikifika Desemba giza limeshaivuruga. Wewe ukichagua saa 11 na nusu, imekufaa mwaka mzima. Tena wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, saa 3 asubuhi lami imeshaanza kuwaka, kukimbia hapo ni kujitesa.

Sasa maonyo, na naomba yasirukwe. Usiibe usingizi: ukitaka kuamka saa 11 alfajiri uwe umelala saa 4 usiku, hapo umepata saa saba. Mwanachuo anayekesha na vitabu mpaka saa 8 usiku kisha anajilazimisha kuamka kukimbia atapoteza yote mawili, darasani atasinzia na mwili hautajengeka. Usiweke saa mbili, "asubuhi, nikikosa basi jioni". Ukishakuwa na ya akiba, ya kwanza utaiachia kila siku. Na kwenye ile karatasi usiandike popote "nikipata nafasi".

Hatua ya 5. Wiki mbili za mwanzo fanya dakika 15 tu, hata mwili ukitaka zaidi. Mapafu yanazoea haraka, mifupa na mishipa inayoshika misuli ya miguu inachelewa. Ndiyo maana watu wanaanza kwa kishindo, wiki ya tatu ugoko unauma, wanaacha moja kwa moja. Kwa asiye na saa ya kupimia, eneo la Ngamiani hapa mjini limeshapimwa: barabara zake zina namba. Unakatiza toka barabara ya kwanza kwenda ya pili mbio za polepole, ya pili kwenda ya tatu unatembea, ya tatu kwenda ya nne mbio tena. Kila wiki unapunguza kipande kimoja cha kutembea. Wazee wanaofagia vibaraza alfajiri watakuzoea, na siku usipopita watakuuliza kulikoni.

Hatua ya 6. Raba, nguo na chupa ya maji viwe mlangoni tangu usiku.

Hatua ya 7. Ukikosa siku, usilipe deni. Kesho yake fanya kile cha kawaida. Anayefidia siku tatu kwa siku moja ndiye huyo wa ugoko.

Hatua ya 8. Masika hayakwepeki. Machi hadi Mei uwe na ratiba ya ndani kwa saa ile ile: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu (anayeshindwa aanze kwa kusukuma ukuta), kupanda na kushuka ngazi ya kibaraza, kuruka kamba kama paa linaruhusu. Dakika 20 zinatosha, na hapo hapo umemaliza zile siku za misuli.

Maswali wekeni chini.

MASWALI

Mdau, Makorora: Somo zuri mkuu. Ila hujasema, muda wenyewe unaupata wapi?

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau, Duga: Kaka nipe zoezi la kutoa kitambi wiki mbili, nina harusi.

Jibu: Hakuna. Zoezi la tumbo linakaza misuli ya tumbo, halichagui mafuta ya kuondoka. Mafuta yanapungua mwili mzima, kwa miezi, na chakula kina sehemu kubwa. Somo hili ni la kupata muda.

Mdau, Duga: Sasa kama hutaki kusaidia watu ungekaa kimya.

Jibu: Nimekusaidia kwa kukwambia ukweli kabla hujatoa hela kununua dawa za vichupa. Harusi njema.

Muuguzi: Habari kaka. Mie nafanya zamu, wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku. Hiyo saa moja ya kudumu siwezi kuwa nayo. Nimejaribu kufikiria nifunge kwenye nini nimekosa. Nisaidie.

Jibu: Nzuri dada, na asante kwa swali, hapa somo langu lilikuwa na pengo. Kwako usishike saa, shika zamu yenyewe. Zamu ina mwanzo na mwisho hata kama saa zinabadilika. Wiki ya asubuhi, shuka daladala vituo viwili kabla ya kwako umalizie kwa miguu, haraka. Wiki ya usiku usifanye mazoezi makali ukitoka, mwili utachangamka na usingizi utagoma. Nenda nyumbani, lala, ukiamka mchana ule kidogo, kisha fanya zako dakika 20 kabla ya kujiandaa kuingia. Kwa hiyo kamba yako ni "kabla ya kuvaa sare" wiki ya usiku, na "baada ya kuvua sare" wiki ya asubuhi. Siku ya kubadilisha zamu ipe mapumziko. Naomba baada ya mwezi urudi utuambie, maana wapo wengi wa bandarini na viwandani wenye ratiba kama yako.

Muuguzi: Kabla ya sare na baada ya sare, hiyo nimeielewa. Nitaleta mrejesho inshaallah.

Mama wa watoto watatu, Mikanjuni: Nyie wanaume alfajiri mnatoka tu. Mwanamke kutoka saa 11 peke yake gizani si salama, na maneno ya watu juu.

Jibu: Uko sahihi mama, na sitakwambia utoke peke yako. Wapo akina mama wa mtaani kwetu wanatoka watatu wanne, wamepatana: anayetangulia kuwa tayari anapita kugonga dirisha la mwenzake. Hapo kuna usalama, na uvivu unapungua kwa kuwa mwenzio yupo nje anakusubiri. Wanasubiri mwanga kidogo, wanazunguka mtaa huo huo, hawaendi mbali. Siku mwenza hayupo, fanya ndani, hatua ya 8.

Mdau wa kike, Chumbageni: Naongezea. Mimi navaa trakisuti na dera juu, dera fupi kidogo lisikamate miguu. Maneno ya watu yalidumu mwezi wa kwanza, siku hizi wananiuliza wajiunge. Na mama mwenye mtoto mchanga asikimbilie kuruka kamba, aulize kliniki kwanza.

Jibu: Asante sana dada, hilo la kliniki lilipaswa kuwa hatua ya 1.

Bodaboda, Kange: Mie nakaa juu ya pikipiki kutwa. Mgongo umekufa. Nikianza saa 11 alfajiri ndio muda wa abiria wa mabasi, nitakula nini?

Jibu: Hapana, usipoteze abiria. Wewe saa yako ni baada ya msukosuko wa mabasi, kijiwe kikipoa. Mwachie mwenzako pikipiki aiangalie, tembea haraka dakika 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa mgongo: lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno polepole mpaka kiwe sawa na mapaja, shikilia kidogo, shusha. Kumi, pumzika, kumi tena. Kila unaposhusha abiria, simama chini wima kabla ya kupanda tena. Maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, nenda hospitali, usiendelee na mazoezi yangu.

Mdau, Nguvumali: Kwa hiyo wanaolipia jimu wote wajinga?

Jibu: Nionyeshe nilipoandika hivyo. Jimu ni kuzuri, kuna vyuma na kuna wa kukuelekeza. Nimeandikia mtu anayesema hana muda, na kwenda jimu na kurudi ni muda pia.

Mwanachuo: Shikamoo. Ramadhani tunafanyaje? Nikifunga naishiwa nguvu, nikiacha mwezi mzima narudi kuanza upya.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usiache, punguza. Tembea nusu saa ya mwisho kabla ya futari, mwendo wa kuongea bila kuhema. Ukichoka, adhana iko karibu, unafungua kwa tende na maji. Pushapu na kuchuchumaa sogeza baada ya tarawehe, dakika 15. Mbio kali ziache mpaka Shawwal. Maji kunywa kidogo kidogo toka futari hadi daku, usiyamimine yote kwa mara moja. Ukiona kizunguzungu, kaa chini, hakuna mashindano. Unasoma nini? Kama ratiba ya vipindi inakusumbua itume, tuitazame pamoja.

Mzee wa Sahare: Mwanangu, umeandika vizuri lakini umekaa Tanga ukasahau bahari. Vijana wa zamani mazoezi yetu yalikuwa kuogelea, na miguu haiumi.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Sikusahau, niliiacha makusudi. Maji hayafungiki kwenye saa: leo yamejaa alfajiri, baada ya wiki alfajiri hiyo hiyo unakuta yamepwa, unatembea kwenye tope.

Mzee wa Sahare: Marahaba. Ndiyo, kila siku yanachelewa kama dakika 50. Lakini angalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili zinazofuata, maji yetu yanajaa kuanzia saa 10 kwenda 11, alfajiri na alasiri vile vile. Kwa hiyo mtu wako anayetoka kuswali anayakuta bado mengi. Kila nusu mwezi ana siku hizo tatu za kuogelea, zilizobaki akimbie hizo barabara za namba.

Jibu: Mzee, hili sikuwahi kulipanga hivyo na nitaliingiza kwenye ratiba yangu mwenyewe. Swali: maji ya bamvua si yana nguvu yakitoka?

Mzee wa Sahare: Yana nguvu sana. Usivuke kwenda mbali, ogelea sambamba na ufukwe, kina cha kifua. Asubiri mwanga, asiingie gizani. Na asiingie peke yake, hata kama anajua kuogelea. Yakianza kuvuta, toka, usibishane nayo.