Mizabibu Myeusi Inayofanana: Tazama Jani Kabla ya Kukata Vipando

Mkulima wa Pemba hachanganyi embe boribo na embe shomari, hata ukimpa gizani. Lakini mletee vipando vya mzabibu mweusi kutoka bara, atategemea jina lililoandikwa kwenye karatasi tu. Yalinikuta mimi mwenyewe hapa Unguja. Vipando vyote vilikuja kwa jina moja, Merlot, na mvua za masika zikalifuta kabla havijachipua. Vilipoanza kuzaa, mashina mengine yaliiva huku jirani zake matunda yangali kijani.

Huku kwetu hilo ni hasara kubwa. Mzabibu wetu haulazwi na baridi. Siku unayoupogoa ndiyo inayopanga siku ya kuvuna. Safu ikichanganyika, hakuna siku inayofaa kwa mashina yote. Ukisubiri yaliyochelewa, yaliyotangulia yanaozea kwenye unyevu.

Aina hizi kweli zinafanana. Cabernet Sauvignon, Merlot na Carménère zote zina mzazi mmoja, Cabernet Franc, na zote huzaa tunda dogo jeusi, basi rangi ya tunda isikudanganye. Wakulima wa Chile waliivuna Carménère miaka mingi wakiiita Merlot, mpaka mwaka 1994 mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitambua shambani.

Chuma jani lililokomaa, la katikati ya tawi, lisilo na ubwiri, uliinue kwenye jua. Jani la Cabernet Sauvignon limechanika ndani sana kama la mpapai, lina vidole vitano, na kingo za vidole hupandana hata mianya ikabaki matundu ya mviringo. Utadhani mtu kalitoboa kwa kidole. La Cabernet Franc halichaniki kiasi hicho. Ukiwa na shaka kati ya Merlot na Carménère, geuza jani changa la nchani: la Carménère lina wekundu kwa chini, la Merlot ni jeupe. Halafu angalia uivaji, Merlot hutangulia kwa wiki mbili tatu.

Jani moja halitoshi. Tazama majani kumi kwenye kila shina, na shina lenye shaka usilikatie vipando msimu huo.

Karatasi iache. Kata kipande cha bati, chora jina kwa msumari, kifunge kwa waya uliolegea ili usilikabe shina likinenepa.