Unaogopa lakini unataka kwenda: kuanzia ukingo wa Menengai hadi angani Iten

Kama wewe ndio yule hubaki kwa gari na mikoba ya wenzako huku wao wako ukingoni wanapiga picha, haya ni yako. Sitakwambia ungoje woga uishe ndio uende, kwa sababu hauishi ukiwa umeketi nyumbani. Unapungua ukiwa pale pale unapoogopa, miguu inatetemeka, na umekaa muda wa kutosha. Wengi wetu huondoka wakati moyo unadunda zaidi, tunakimbilia gari, tunapata nafuu papo hapo, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulituokoa, sasa safari ingine woga unakuja hata kabla mfike geti.

Kwanza jiulize unaogopa nini hasa. Kuna mwenye anaogopa urefu, kuna wa maji, kuna wa giza na mahali pa kubana, na kuna mwenye haogopi chochote cha hapo ila anaogopa kuzimia au kulia mbele ya watu. Huyu wa mwisho mara nyingi anahitaji tu kwenda na mtu mmoja anayemwamini badala ya basi zima la chama.

Kwa urefu, mimi naona hakuna mahali pazuri pa kuanzia kama Menengai, ile kreta ya volkano iliyo kando ya Nakuru. Ukiwa Nakuru mjini boda inakupeleka hadi juu, uko kama mita 2,278 kutoka usawa wa bahari na lile shimo linashuka karibu mita 500, lakini uzuri wake ni kwamba ardhi ya juu ni pana, unachagua mwenyewe umbali. Simama nyuma kabisa. Jipe alama ya woga, sifuri hadi kumi. Ikiwa ni nane usisonge mbele na usirudi nyuma, kaa hapo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu sita kama mtu anayepoza chai, rudia hadi mabega yashuke. Vidole vikianza kuwasha na midomo kufa ganzi usidhani unakufa, ni kwamba umekuwa ukihema haraka sana na hewa ya kaboni imepungua kwa damu, ukipunguza kuhema inarudi sawa. Ule mshtuko mkubwa kwa kawaida hupanda hadi juu ndani ya dakika kama kumi hivi halafu unaanza kushuka wenyewe, na hizo dakika ndizo watu hawajawahi kuzivumilia hadi mwisho. Alama ikifika nne au tatu, songa hatua chache, simama tena.

Kizunguzungu cha ukingoni nacho kina sababu. Macho husaidia mwili kusimama wima kwa kuangalia vitu vya karibu, sasa mbele yako kukiwa wazi tupu mwili unayumba kidogo na wewe unahisi kama unavutwa chini. Kaa chini, au shika jiwe, angalia nyasi zilizo karibu na viatu vyako kwanza, kisha ndio uinue macho pole pole uangalie ule mvuke unaotoka chini kwenye visima vya nguvu za umeme. Na usikubali mtu akusukume kwa mzaha, hata akiwa ndugu yako. Mkubaliane mapema kwamba ukisema ngoja, watu wote wanangoja.

Sasa hapa ndipo naomba unisikize vizuri. Kuna woga na kuna hatari, na kazi yako ni kuvumilia woga, si kuvumilia hatari. Lile korongo la Hell's Gate, mbuga iliyo karibu na Naivasha, ni zuri mno, lakini mvua ikinyesha mbali huko juu, hata kama ulipo kuna jua, maji yanaweza kuja kwa nguvu kwenye njia nyembamba, na mwaka wa 2019 watu saba walifariki hapo. Kukiwa na wingu zito, au waelekezi wa hapo wakisema hapana, ni hapana. Siku hiyo kodisha baiskeli upite katikati ya pundamilia na swara, nyati uwaache mbali, au uangalie watu wakipanda Fischer's Tower kwa kamba, lile jiwe lina kama mita 25.

Ziwani Kisumu ni vile vile. Nenda ufuo wa Dunga asubuhi maji yakiwa yametulia, maana mchana upepo wa ziwa huongezeka na jioni ngurumo si kitu kigeni upande ule. Vaa laifjaketi na ufunge kila kifungo kabla mguu ugonge boti, na kama hakuna ya saizi yako usipande. Ukikanyaga boti itainama, hiyo ni kawaida, ingia chini chini ukishika pande zote mbili na uketi katikati. Mwambie mwenye boti wewe ni mara ya kwanza, mzunguke karibu na ufuo tu, na viboko muwaone kwa mbali, kiboko si wa kusogelewa.

Wa mahali pa kubana ajaribu Kit-Mikayi, barabara ya kwenda Bondo, kuna mianya kati ya yale mawe makubwa na unaona mwanga upande ule mwingine. Ukishazoea, kuna lile handaki la zamani la wachimba dhahabu kwenye kilima cha Lirhanda msituni Kakamega, giza na popo, usiingie bila mwelekezi na tochi.

Mlima Longonot naupenda kwa sababu tofauti. Ukipanda kwenda mita 2,776 moyo unadunda, jasho, pumzi fupi, yaani dalili zile zile za woga, ila unajua zimetoka kwa mlima, na mtu aliyezoea moyo wake ukidunda hivyo hashtuki sana ukidunda kwa sababu ingine. Lakini kama una presha, shida ya moyo, kifafa, au uko mjamzito, ongea na daktari kwanza kabla ya mambo haya yote. Na punguza kahawa asubuhi hiyo.

Iten, kuruka na parashuti, ndio ya mwisho. Unafungwa mikanda na rubani nyuma yako, mnakimbia hatua chache kwenye mteremko, parashuti inawanyanyua na chini yenu ni bonde la Kerio. Usilipe kabla hujaongea na rubani mwenyewe, muulize mikanda imekaguliwa lini, akuonyeshe parashuti ya akiba, akueleze mkitua miguu unaiweka vipi. Akikwambia leo upepo haufai, huyo ndiye wa kuruka naye kesho. Kiangazi cha Januari na Februari ndio wengi huruka. Beba sweta, asubuhi kule ni baridi, na uulize mtatua wapi, kwa sababu ikiwa ni chini bondeni unahitaji gari la kukurudisha juu, na hilo hupangwa kabla ya kuruka.