Siku mwili umegoma, fungua Zaburi ya 88

Wapendwa mnaoishi na kisukari, presha, siko seli au maumivu yasiyoisha: siku mwili umegoma, msijilazimishe kuimba zaburi za shangwe. Someni ya 88. Ina mistari 18 tu, na inaishia gizani, bila haleluya ya kufungia. Mimi hapa Masasi huisoma alfajiri kidonge kikiwa mkononi, halafu nakimeza. Sala na dawa havigombani. Timotheo aliandikiwa na Mtume Paulo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), na Trofimo, mwenzake Paulo safarini, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Atakayekuambia huponi kwa sababu huna imani, mwonyeshe hapo. Taratibu lakini, ni ndugu yako.

Tena, jumuiya ikija kukuona usiishie kwenye "niombeeni". Taja kitu: "Jumanne nina kliniki Ndanda, nani atanisindikiza?" Msimu wa korosho watu wanawahi mashambani kuokota, kwa hiyo sema mapema, hata wiki moja kabla.