Kabla ya kukata tiketi ya Dar, angalia unapaa kutoka wapi

Wana Arusha na Moshi, kabla hujalipia tiketi tazama herufi 3 za kiwanja. JRO ni KIA, kile kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro, ARK ni kile kidogo cha Kisongo, barabara ya Dodoma. Ukiwa Moshi ukajikuta umekata ya ARK kwa sababu ni nafuu, utavuka mji mzima wa Arusha na foleni zake. Unafuu uko wapi hapo?

KIA hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 450, hewani saa 1 na ushee. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabu pia ndege inavyojivuta ardhini, kwa hiyo usishtuke ukiona umezidi.

Kinachokula muda ni barabara. KIA iko kilomita 50 hivi kutoka Arusha, 40 kutoka Moshi, na daladala za barabara kuu zinakushusha njia panda. Toka hapo ni bodaboda au teksi, na begi kubwa juu ya boda ni mtihani.

Ukienda Dar omba dirisha la kushoto. Mawingu yakiwa chini, utaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro.