Namna ya kuusoma mji wa Oberlin, Ohio, kwa miguu

Oberlin ni mji mdogo wa watu 8,000 na ushei katika kaunti ya Lorain, kilomita 55 hivi kusini-magharibi mwa Cleveland. Ukiupita kwa gari kwenye barabara ya 58 unaumaliza kwa dakika chache, na utaondoka ukidhani umeona uwanja wa miti, maduka machache na chuo. Egesha gari. Nusu siku inatosha kwa katikati ya mji. Ukitaka kufika mtaa wa Morgan, penye nyumba ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright, tenga siku nzima.

Kabla ya kuanza, jua kwamba miji mingi ya vyuo Marekani ilitangulia, chuo kikaja baadaye. Hapa mji na chuo vilizaliwa pamoja mwaka 1833. John Jay Shipherd na Philo Stewart waliuchora mradi mmoja: walowezi Wakristo walioweka ahadi ya kuishi kwa kiasi, na shule ambayo wanafunzi wake wangesoma na kufanya kazi za mikono. Jina walilichukua kwa mchungaji wa Alsace, Jean-Frédéric Oberlin. Ardhi waliyopata ilikuwa msitu juu ya udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, na shida hiyo ipo hadi leo: mvua ikinyesha, nyasi za uwanjani huloa kwa muda mrefu, kwa hiyo usije na viatu vya kitambaa. Miezi mizuri ni Mei hadi Oktoba. Jumatatu iepuke, maana jumba la sanaa hufungwa.

Kwa kuwa mradi ulikuwa wa maskini, karibu kila kitu utakachokiona kililipiwa na mtu mwenye sharti lake. Mbele ya kila jengo jiulize: nani alitoa pesa, na alidai nini?

Anzia kona ya barabara za Main na College, pembe ya kusini-mashariki ya Tappan Square. Hapo ndipo Peter Pindar Pease, mlowezi wa kwanza, alipojenga kibanda cha magogo Aprili 1833. Uwanja una ekari 13, sawa na hekta tano na kidogo, nao umezungukwa na Main mashariki, College kusini, Professor magharibi na Lorain kaskazini. Zikariri barabara hizi nne na hutapotea tena.

Jina Tappan ni la wafanyabiashara wa New York, ndugu Arthur na Lewis. Mwaka 1834 chuo cha dini cha Lane huko Cincinnati kiliwakataza wanafunzi wake kujadili utumwa, na wengi wao wakaondoka. Oberlin ilikuwa inakaribia kufilisika. Kundi hilo lilikubali kuja, na akina Tappan wakaahidi pesa, mradi mjadala uwe huru na wanafunzi weusi wapokewe. Wadhamini walikutana Februari 1835, kura zikalingana, na mwenyekiti John Keep ndiye aliyeamua. Sera inayosifiwa hadi leo ilipita kwa kura moja. Wapiga kura hawakukosa imani, lakini hali ya hazina iliwasukuma sana. Msukosuko wa fedha wa 1837 ukawaangusha akina Tappan, na ahadi zao nyingi hazikutimia. Ndiyo maana mwaka 1839 Keep na William Dawes walivuka bahari kwenda kuchangisha kwa wapinga utumwa wa Uingereza.

Sasa angalia uwanja ulivyo mtupu. Hapa watu wengi hukosea: wanadhani umeachwa hivyo tangu waanzilishi. Si kweli. Katika karne ya 19 majengo ya chuo yalikuwa humu ndani. Yaliondolewa kwa sababu ya wosia wa Charles Martin Hall, tajiri wa alumini aliyefariki 1914 na kukiachia chuo theluthi ya mali yake, kwa sharti kwamba majengo ya uwanjani yaondoke. Kwa hiyo nafasi wazi unayoiona ni matokeo ya viwanda, si ya ucha Mungu wa mwaka 1833. Ndani ya uwanja kuna mawe makubwa ambayo wanafunzi huyapaka rangi na maandishi, safu juu ya safu, hata kona zake zimekuwa mviringo. Usiegemee kabla ya kugusa kwa ncha ya kidole. Rangi huwa mbichi mara nyingi.

Upande wa Professor kuna tao la mawe la 1903, ukumbusho wa wamisionari waliouawa Shansi, China, katika machafuko ya 1900. Soma majina, kisha zingatia kwamba baadhi ya wahitimu hukataa kupita chini ya tao siku ya mahafali na kulizunguka, kwa sababu lilijengwa likiwakumbuka Wamarekani na kuwasahau Wachina waliokufa nao. Mji huu hubishana na sanamu zake hadharani, na hiyo ni tabia yake ya zamani kuliko tao lenyewe.

Shuka Professor kuelekea kusini. Mbele ya Talcott Hall utaona reli inayochomoza ardhini na kuelekea mbinguni, kazi ya mwanafunzi Cameron Armstrong ya 1977. Inakumbuka mtandao uliowatorosha watumwa kwenda Kanada, ulioitwa Reli ya Chini ya Ardhi. Hakukuwa na treni, na usipoteze muda kuuliza mahandaki. Kinga ya Oberlin ilikuwa watu: waliotoroka waliishi na kufanya kazi mchana kweupe, miongoni mwa majirani weusi huru ambao kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walikaribia moja ya tano ya wakazi. Mbele kidogo, mtaa huohuo, kuna nyumba tatu za makumbusho ya mji, mojawapo ikiwa shule ndogo nyekundu ya 1836. Ndani huingiwa na kiongozi tu, kwa hiyo weka nafasi kabla ya kusafiri.

Rudi Main, shuka hadi mtaa wa Vine, kata kushoto. Sehemu hii wageni wengi hawafiki, na ndiyo muhimu kuliko zote. Nambari 33 ni nyumba ya matofali ya Wilson Bruce Evans, fundi seremala mweusi aliyehamia kutoka North Carolina na kuijenga katikati ya miaka ya 1850. Hapa jibu la swali letu ni fupi: alilipa mwenyewe.

Septemba 1858 wakamata-watumwa walimnasa John Price, mtoro kutoka Kentucky, nje kidogo ya mji. Walimtumia kijana wa mkulima aliyelipwa dola 20 kumdanganya Price kwamba kuna kazi ya kuvuna viazi. Wakampeleka hotelini Wellington, kilomita 15 kusini, kungoja treni. Habari ilipofika Oberlin, watu walitoka kwa farasi, kwa mikokoteni na kwa miguu, wakaizingira hoteli na kumtoa. Price alifichwa nyumbani kwa profesa James Fairchild, ambaye baadaye aliongoza chuo, kisha akavushwa Kanada. Kwa kuwa sheria ya nchi iliamuru watoro warudishwe, watu 37 walishtakiwa, Evans na kaka yake Henry wakiwamo. Waliohukumiwa ni wawili tu, Simeon Bushnell na Charles Langston.

Mtaa huohuo kuna bustani yenye jina la Martin Luther King, na ndani yake mnara wa wanaume watatu waliokuwa na John Brown, mpinga utumwa aliyeshambulia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry mwaka 1859. Usome ukiwa na ukoo wa Evans kichwani: Lewis Sheridan Leary alikuwa shemeji yake, John Anthony Copeland mpwa wake. Leary alikufa kwa majeraha, Copeland alinyongwa. Wa tatu, Shields Green, anahitaji tahadhari. Alifika Chambersburg, Pennsylvania, kukutana na Brown, akifuatana na mpinga utumwa mashuhuri Frederick Douglass, na uhusiano wake na Oberlin ni dhaifu kuliko mnara unavyodai.

Nenda sasa mtaa wa College mashariki, nambari 64, nyumba ya familia ya Hall. Banda la kuni nyuma halipo tena, lakini ndilo lililoondoa majengo uwanjani. Hall, akiwa na miaka 22, aliyeyusha kriolaiti, madini ambayo yakiyeyuka huweza kuyeyusha oksidi ya alumini, akachanganya oksidi hiyo na kupitisha umeme wa betri alizotengeneza kwa mkono. Majaribio ya mwanzo yalitoa uchafu wa kijivu, kwa sababu chungu cha udongo kilikuwa kikiachia silika ndani ya mchanganyiko. Alipokizungushia kaboni kwa ndani, tarehe 23 Februari 1886, alipata vijipande vya alumini. Dada yake Julia, aliyesoma kemia hapohapo Oberlin, alikuwa shahidi wake wa karibu. Mfaransa Paul Héroult aligundua njia hiyohiyo mwaka huohuo, basi usimpe Hall sifa zote.

Jumba la sanaa la Allen, upande wa mashariki wa uwanja, halina kiingilio. Ni la 1917, msanifu wake Cass Gilbert. Mwanzoni mwa muhula wanafunzi hukesha nje kwenye foleni ili wakodi picha halisi za kutundika vyumbani mwao kwa ada ndogo, mpango ulioanzishwa 1940 na Ellen Johnson. Huyohuyo Johnson aliinunua na kuikarabati nyumba ya Frank Lloyd Wright iliyopo mtaa wa Morgan, kisha akakiachia chuo. Ukienda huko, pitia pia makaburi ya Westwood, mtafute Lee Howard Dobbins: mtoto wa miaka minne aliyekuwa akitoroshwa utumwani, akaugua na kufia Oberlin mwaka 1853.

Kuhusu sifa za "kwanza", chunga maneno. Oberlin haikuwa ya kwanza Marekani kumpa shahada mtu mweusi. Middlebury ilimhitimisha Alexander Twilight mwaka 1823. Ilichotangulia nacho ni sera ya wazi ya kuwapokea, mwaka 1835. Wanawake waliingia masomo ya shahada 1837 na watatu wakahitimu 1841, ila kwa miaka mingi walifua na kupika, na hawakuruhusiwa kusoma insha zao mbele ya hadhira ya wanaume na wanawake. Lucy Stone, baadaye mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, alipochaguliwa kuandika insha ya mahafali ya 1847, aligoma kwa kuwa ingesomwa na mwanamume.

Ukiwa mbali, sensa za 1850 na 1860 zimo kwenye intaneti. Chagua kaunti ya Lorain, kisha kata ya Russia, kwa sababu mji ulikuwa ndani ya kata hiyo na mtafutaji anayeandika Oberlin pekee anaweza kukosa kurasa nzima. Soma safu nne pamoja: rangi, kazi, thamani ya ardhi na mahali pa kuzaliwa. Mafundi waliozaliwa North Carolina na kumiliki viwanja Ohio watajitokeza wenyewe.