Mkate wa ulezi haupasuki ukiupika unga kwanza

Ukikanda unga wa ulezi kwa maji baridi kama wa chapati za ngano, mkate utapasuka ukingoni na kukatikia mkononi. Ulezi hauna gluteni, ile protini inayoifanya ngano ivutike, kwa hiyo hata ukande saa nzima hautashikana. Kinachoushika ni wanga uliovimba kwa maji moto.

Wapishi wa Karnataka, kusini mwa India, hufanya hivi: chemsha kikombe 1 cha maji na chumvi, punguza moto, mimina kikombe 1 cha unga, koroga kwa mwiko, epua, funika dakika 5. Kanda ungali na joto, huku ukilowesha mikono. Kazi yote iko hapo. Donge likilainika bila nyufa, kilichobaki ni rahisi. Changanya kitunguu, pilipili mbichi na kotmiri, vyote vikatwe vidogo sana, maana kipande kikubwa hutoboa mkate.

Usihangaike kuusukuma kama chapati. Tandaza donge kwa vidole juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta, ligeuzie kwenye kikaango cha moto, kisha bandua jani taratibu.

Kule Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, huupika mtupu, bila kitunguu wala pilipili, nao huuita bhakri. Upande wa juu hupakwa maji kabla ya kugeuzwa ili usikauke. Mimi naupenda huo zaidi, ukiwa wa moto na samli. Ukipoa hukakamaa, basi pika wa kuliwa papo hapo.